Ruba Aliyefungiwa Stoo

16 Novemba

Leo wameniletea mzigo mpya stoo. Ni mashine ya kuinua mifuniko ya chemba za maji taka. Ina fremu ya chuma yenye magurudumu mawili, mpini mrefu, pampu ndogo ya betri, na kwa chini sahani pana ya mpira mweusi. Unaweka mpira juu ya mfuniko, unawasha, pampu inafyonza hewa, mpira unang'ang'ania chuma. Ukikandamiza mpini, mfuniko unapanda juu bila ubishi. Wanatosha watu wawili. Siku zote mfuniko kama huo huinuliwa na wanaume wanne kwa mitaimbo na matusi.

Vijana wa zamu walipouona ule mpira wakaangua kicheko. "Huyu ni ruba!" akasema Bakhit, yule Msaidi, mtu wa kusini, mwenye meno makubwa. Jina limeshika papo hapo.

Mhandisi Wahdan, mkuu wa kituo chetu cha maji taka, alisimama juu ya kichwa changu nikiweka sahihi. "Hajjat Inshirah, hii iko kwenye dhamana yako. Ikipata hata mkwaruzo, nakuuliza wewe."

"Stoo hii naitunza tangu wewe uko shule, Bwana Mhandisi."

Fundi Arafa, msimamizi wa kikosi cha mitaani, alikuwa akinisubiri mlangoni na viatu vyake vya mpira vimejaa tope. Akaingia navyo. Nimepiga deki asubuhi, naye anaingia navyo!

"Mama, kesho nipe ruba. Dhoruba ya Ufagio iko njiani."

"Una ruhusa ya Mhandisi?"

"Nina watu wanaoumwa migongo."

"Mgongo hauna muhuri, Arafa."

Akaondoka amenuna, ameniachia nyayo sakafu nzima. Mwanamume mzima na mvi zake, adabu hana.

18 Novemba

Ufagio umefika, wa kwanza kati ya dhoruba za msimu, kila moja na jina lake na tarehe yake. Upepo, mvua, tramu imesimama. Supu ya dengu, kisha kitandani.

20 Novemba

Arafa amekuja tena. Safari hii kafuta viatu, lakini ulimi hakuufuta. Ati mimi ni kama bibi harusi aliyeficha vyombo vya kabati, anawapa wageni maji kwa kopo. Nimemwambia kopo linamtosha. Vijana walicheka, sijui walinicheka mimi au yeye. Nimekuwa na hasira mpaka chakula cha mchana hakikushuka.

Watu hawa hawajui maana ya dhamana. Kwao kitu cha serikali ni cha kutupatupa. Mitaimbo niliyowapa majira ya joto imerudi imepinda kama vijiti vya peremende.

27 Novemba

Leo tulikuwa na wageni kutoka makao makuu, suti na manukato. Mhandisi aliagiza mfuniko mpya, akaupaka rangi ya kijani, akaulaza katikati ya ua. Chini yake hakuna chemba. Hakuna hata shimo. Mfuniko umelala juu ya saruji kavu kama mkate juu ya meza. Ruba akauinua, watu wakapiga makofi, wapiga picha wakapiga picha. Kisha keki.

Arafa alikaa nyuma akitafuna mbegu za maboga. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Chemba haina shimo, mashine haina kazi, na sisi tunapiga makofi."

Niliifuta mashine kwa kitambaa laini, nikaifunika kwa shuka, nikaifungia chumba cha ndani kwa kufuli. Mhandisi alinisifu mbele ya wageni. Nimerudi nyumbani nimejaa fahari, na njiani nikajinunulia mkate wa maini.

4 Desemba

Dhoruba ya Kasim. Sijui hasira hii niipeleke wapi.

Saa za asubuhi kikosi kilikwenda kufungua chemba karibu na soko la samaki. Mfuniko wa zamani, kutu imeushika kingo zote. Waliupenyezea mitaimbo, wakauinua upande mmoja, Bakhit akaingiza mkono kusukuma kipande cha tofali chini yake. Mtaimbo ukateleza kwa mvua. Mfuniko ukashuka.

Walimrudisha hapa kwanza kwa sababu gari la wagonjwa lilikwama. Aliketi juu ya kreti mlangoni pangu, mkono umefungwa kwa fulana ya mtu, fulana yote nyekundu. Hakulia. Alikuwa akiniangalia tu huku akisema, "Samahani Hajjat, nakuchafulia sakafu."

Mimi nikamgeukia Arafa. Nilimpigia kelele mbele ya kila mtu: uzembe wako, haraka yako, mtu anaingizaje mkono chini ya chuma na wewe umesimama! Nilisema mengi. Arafa alikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko. Nilipomaliza akainua kichwa, akatazama nyuma yangu, pale kwenye mlango wa chumba cha ndani wenye kufuli. Akatazama tu. Kisha akamshika Bakhit kiunoni wakaondoka kwa miguu kuelekea hospitali.

Vidole viwili vimekatwa, vya mkono wa kulia.

8 Desemba

Nimekwenda kumwona Bakhit na mfuko wa machungwa. Anaishi juu ya paa la jengo kule mtaa wa Karmuzi, chumba na jiko. Alinipokea kwa mzaha: "Karibu, Hajjat. Sasa nikisalimia watu nawapa salamu za punguzo."

Mkewe, Rauhiya, alileta chai. Msichana mdogo wa umbo, macho makavu. Aliweka birika, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Wewe ndiye mwenye ufunguo?"

"Ufunguo gani, mwanangu?"

"Wa mashine. Anasema ipo mashine."

Bakhit akamkemea: "Rauhiya, mgeni!"

"Nimeuliza tu," akasema. "Nilitaka kujua kama kweli ipo, au ananitia moyo."

Nikamwambia ipo. Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai, akatia sukari nyingi kama anavyotiliwa mtu mzima anayeheshimiwa. Sijawahi kunywa chai chungu kama ile.

9 Desemba

Nimemwendea Mhandisi. Sikuketi hata aliponiambia niketi.

"Bwana Mhandisi, toa ruhusa ruba atoke. Mtu amepoteza vidole."

"Mungu amponye. Lakini Hajjat, ile ni mashine ya mfano. Mwezi wa tatu inakuja kamati. Unataka waikute imejaa tope?"

"Kazi yake ni tope."

Akacheka, kile kicheko chake cha mdomo uliofungwa. "Wewe ndiye ulikuwa unawafukuza hawa kwa ufagio. Wamekuroga?"

Nilitoka nje. Uani nikauona ule mfuniko wa kijani, bado umelala pale juu ya saruji, paka amejilaza juu yake.

15 Desemba

Mvua haba. Nimegawa mitaimbo. Arafa amepokea bila neno. Bora angenitukana.

21 Desemba

Dhoruba ya Faida Ndogo. Arafa amekwama mgongo, anatembea kama alama ya kuuliza. Bado yuko kazini.

2 Januari

Dhoruba ya Kichwa cha Mwaka. Maji taka yamepanda hadi kizingiti cha duka la Amu Sabri, muuza maharage, naye amepika juu ya meza amesimama juu ya kiti. Foleni ilikuwa ileile.

Nimempa Arafa plasta ya moto ya mgongo. Akaipokea, akainusa, akasema, "Hii haikai kwenye dhamana?" Nikacheka, Mungu anisamehe. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka pamoja.

13 Januari

Nitaandika polepole ili nisichane karatasi.

Jana, dhoruba ya Faida Kubwa ikiwa imeanza kupiga, Mhandisi alikuja mwenyewe stoo na dereva wake. "Hajjat, toa mashine. Kuna kazi ya dharura." Moyo wangu uliruka. Nilidhani hatimaye amesikia. Nikaifunua shuka, nikamsaidia dereva kuipakia, nikawaambia maneno ya heri.

Leo imerudi. Imeoshwa, lakini kwenye magurudumu kuna mchanga mweupe, ule wa bustani za nyumba za ufukweni. Nikamwuliza dereva kwa upole, nikampa na sigara. Ilikuwa jengo la shemeji wa Mhandisi. Gereji ya chini ilikuwa inaingia maji, na magari mapya yamo ndani.

Magari!

Kwa hiyo ruba anaweza kutoka. Anaweza kutoka wakati wa mvua, bila kamati, bila picha, bila muhuri. Wiki nane nimekuwa nikiwaambia watu haiwezekani, nimesimama mlangoni kama mlinzi wa kaburi, na kumbe nilikuwa nikimtunzia mtu zawadi ya shemeji yake.

Arafa aliona mchanga. Hajui kusoma mambo mengine, lakini mchanga anaujua.

"Mama, ruba amekula wapi jana?"

Nikamwambia yote. Aliketi juu ya kreti ile aliyokalia Bakhit, akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Nilikuwa nakuchukia wewe," akasema. "Nimepoteza bure msimu mzima."

19 Januari

Leo ni Ghitasi, sikukuu ya ubatizo kwa majirani Wakristo. Bi Madlen wa ghorofa ya pili ameniletea sahani ya magimbi. Mbingu nyeusi. Bahari inasikika mpaka huku.

20 Januari

Leo nitaandika hadi wino uishe.

Dhoruba ilipiga baada ya swala ya alfajiri na haikupumua. Nilifika stoo na maji magotini. Kikosi kilikuwa kimekwisha toka. Baada ya kitambo Arafa akarudi anakimbia, mtu huyu ambaye hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, anakimbia.

"Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha pamba," akasema. "Chumba cha chini cha bawabu Ghazali. Mkewe na mama yake wamo ndani. Maji yamesukuma mlango, haufunguki, na dirisha lina nondo. Chemba ya mtaa imeziba, mfuniko hautoki. Mtaimbo mmoja umevunjika."

Nilimpigia simu Mhandisi. Alipokea kwa kunong'ona, alikuwa mkutanoni.

"Hajjat, kwenye mvua hii? Pampu ile ni ya umeme. Ikiharibika nakupeleka kwenye uchunguzi, naapa. Tumieni mitaimbo."

"Bwana Mhandisi, kuna watu ndani ya chumba."

"Zimamoto watakwenda."

"Zimamoto wamekwama daraja la reli, kila mtu anajua."

"Usiitoe. Hayo ndiyo maagizo yangu."

Nikaweka simu juu ya meza. Bado ilikuwa inaongea. Nilifungua kufuli, nikavuta shuka. Arafa akaingia akashika mpini.

"Iko kwenye dhamana yangu," nikamwambia. "Haitoki bila mimi."

"Mama, tunachelewa."

"Basi nisaidie kupanda gari."

Nikakaa nyuma ya pikapu, nimeikumbatia mashine, shuka juu ya pampu, mvua inanichapa uso. Umri wangu huu, na magoti yangu haya.

Mtaa ulikuwa mto. Watu wamejaa kwenye baraza wanapiga kelele, kila mtu anatoa ushauri. Ghazali alikuwa amepiga magoti ndani ya maji mbele ya kidirisha cha chini, ameshika mkono uliotoka katikati ya nondo. Mkono wa mwanamke mzee, bangili za kioo za kijani. Ndani kulisikika sauti ya mwanamke mwingine akisema, "Yamefika kifuani, Ghazali. Nimempandisha mama juu ya meza. Yamefika kifuani." Sauti haikupanda wala kushuka. Nitaisikia mpaka nife.

Arafa aliitafuta chemba kwa miguu, akaipata, akapiga kelele. Vijana wakapanga magunia ya mchanga kuizunguka, wakachota kwa ndoo mpaka chuma kikaonekana. Tukaweka ruba. Arafa akawasha. Pampu ikanguruma, mshale wa kipimo ukapanda kidogo, ukaanguka. Tena. Ukaanguka. Mfuniko una mistari ya chuma iliyojaa tope na lami, mpira haupati pa kushika.

"Inapumua pembeni," akasema Arafa. "Inavuta hewa."

Nilivua shali yangu ya sufu, nikapiga magoti ndani ya yale maji ambayo sitayataja, nikasugua ule mfuniko kama ninavyosugua sufuria la sikukuu, mstari kwa mstari, kwa shali na kwa kucha. Arafa akaweka mpira tena. Mshale ukapanda nusu, ukasita.

"Inahitaji kukandamizwa," akasema. "Uzito. Mtu apande juu."

Vijana wote ni mifupa mitupu. Wakanitazama. Hakuna aliyethubutu kusema.

"Semeni tu!" nikawaambia, nikapanda juu ya ile sahani, nimeshika bega la Arafa. Mpira ukalia kama mtu anayevuta supu ya moto. Mshale ukaingia kwenye alama ya kijani, ukakaa.

"Shuka, mama!"

Nikashuka, Arafa na kijana mmoja wakauangukia mpini kwa pamoja. Chuma kikalia. Nilidhani fremu inakatika. Kisha mfuniko ukatoka, mzima, umening'inia chini ya ruba ukidondosha tope, wakausukuma kando kwa magurudumu. Wakaingiza fimbo ndefu kuondoa kilichoziba, na ghafla mtaa mzima ukaanza kunywewa. Mlio wake ulikuwa kama wa ng'ombe anayechinjwa. Maji yakawa yanazunguka, yanashuka, yanashuka, na pale ukutani mstari wa tope ukabaki juu ukituonyesha yalikofika.

Yaliposhuka chini ya nusu ya mlango, wanaume wakaupiga bega ukafunguka. Ghazali alimtoa mama yake amembeba mgongoni. Yule bibi alikuwa ameshikilia kifurushi cha nguo zake kavu juu ya kichwa, hataki kukiachia. Mke akatoka mwenyewe, anatembea, midomo ya buluu. Alipofika kwenye hewa ndipo akaanza kulia.

Wote wazima.

Pampu ya ruba imekunywa maji, imekufa. Magurudumu yamepinda. Nimeketi hapa nanuka hata baada ya kuoga mara mbili, na bado nina hasira mpaka meno yanauma, kwa sababu kile kifaa kilifanya kazi yake kwa muda wa kukoroga chai, baada ya miezi miwili ya kulala chini ya shuka.

22 Januari

Gazeti limeandika: "Kwa maelekezo ya Mhandisi Wahdan, mashine ya kisasa yaokoa familia." Picha ni ile ya Novemba, mfuniko wa kijani.

Mchana nimepokea wito wa uchunguzi. Kosa: kutoa mali ya kituo kinyume na maagizo na kuiharibu.

Kwa hiyo ameokoa watu kwa mashine ambayo mimi niliiiba.

3 Februari

Uchunguzi. Bwana wa idara ya sheria, mtu mpole, anakunywa chai ya iliki na hainui macho.

"Uliagizwa usiitoe?"

"Niliagizwa."

"Ukaitoa."

"Nikaitoa. Na tarehe kumi na mbili niliagizwa niitoe kwenda gereji ya shemeji yake Mhandisi, nikaitoa pia. Ile hamkuniitia."

Kalamu yake ikasimama. "Una ushahidi?"

Dereva alikuwa amekwisha kukana. Arafa akaitwa, akasema alichokiona: mchanga. "Mchanga?" akauliza yule bwana. "Bwana," Arafa akasema, "mimi maisha yangu yote niko ndani ya matumbo ya mji huu. Nikikwambia mchanga wa ufukweni, ni wa ufukweni." Wakaandika "haikuthibitishwa".

Nilipotoka, Bakhit na Rauhiya walikuwa wameketi ngazini. Hawakuitwa na mtu. Rauhiya alikuwa na chupa ya chai. Alinimiminia bila kuniuliza kitu.

20 Februari

Ramadhani imeingia. Uamuzi umetoka. Mimi nimepewa onyo kali na kukatwa sehemu ya mshahara. Mhandisi Wahdan amehamishiwa makao makuu, chumba chenye zulia. Walimfanyia sherehe ya kuagana baada ya futari. Sikwenda. Nilikaa nyumbani nikala tende na hasira.

8 Machi

Mkuu mpya ni Mhandisi Nihal, mwanamke kijana anayetembea haraka. Leo amekagua stoo. Pampu ya ruba ilikuwa imetengenezwa na fundi wa mtaani, magurudumu yamenyooshwa kwa nyundo, rangi imechubuka kila mahali.

Akaizunguka mara moja. "Kamati inakuja kesho. Hii haionyeshiki kwa wageni, imechakaa. Kwa nini inajaza nafasi humu? Wapeni vijana."

Ndivyo. Hivyo tu. Ilibidi ichakae ndipo iruhusiwe kufanya kazi.

24 Machi

Awa, dhoruba ya mwisho. Idi imepita, bado nina biskuti kwenye kopo. Nilitoka stoo nikaenda kuwatazama mtaani, nimesimama chini ya kibanda cha tramu na mwavuli.

Bakhit amerudi kazini wiki hii. Alisafisha mfuniko kwa brashi, akaweka mpira, akawasha kwa kidole gumba cha ule mkono wake wa vidole vitatu. Mpini ukashuka, mfuniko ukapanda. Arafa alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni, hana la kufanya, anavuta sigara.

Nilijiambia nifurahi. Bakhit aliniona, akanipungia. Nikampungia, nikatabasamu, na machozi ya ghadhabu yakanitoka hapo hapo mbele ya abiria wa tramu, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.